Roboti inayoitikia "marahaba": roboti ya mezani ya watoto, tumeipima Mtwara

Kitu cha kwanza mtoto wa Mtwara anachofanya akikutanishwa na roboti inayoongea Kiswahili ni kuiamkia. Anasema "Shikamoo." Na roboti, kama ilivyotoka kiwandani, inaitikia: "Marahaba, hujambo?" Hapo hapo, kabla ya swali la kwanza kuulizwa, kazi imeshaharibika. Kwa mtoto aliyefunzwa adabu, anayeitikia marahaba ni mkubwa, na mkubwa hasahihishwi mbele za watu.

Roboti tunayoizungumzia ni ile ndogo ya mezani. Kimo chake ni sentimita 14 hivi, uso ni kioo cha duara kinachoonyesha macho mawili, shingo inageuka kushoto na kulia, miguu haina. Inauzwa Kariakoo na mtandaoni kwa kati ya shilingi 150,000 na 200,000, kisha inapakiwa kwenye basi la kusini. Jina la kwenye boksi hatulitaji, maana tumekuta maboksi yenye majina tofauti na bodi ileile ndani: chipu ya ESP32-S3, maikrofoni, spika ndogo na betri. Akili yenyewe haimo humo. Sauti ya mtoto inasafirishwa kwa intaneti hadi kwenye seva (kompyuta ya kampuni iliyo mbali), inageuzwa kuwa maandishi, inapewa modeli ya lugha, yaani programu iliyofunzwa kwa maandishi mengi ili itunge majibu, jibu linageuzwa kuwa sauti na kurudishwa. Tathmini hii ni ya matumizi na watoto wa miaka 6 hadi 11, katika darasa la likizo Shangani na nyumbani Mikindani.

Chukua swali la korosho. Roboti ilipoulizwa korosho inakaa wapi kwenye tunda, ilijibu kwa sauti ya kujiamini kwamba iko ndani ya bibo, kama kokwa ndani ya embe. Mtoto wa miaka minane, ambaye msimu wa korosho ukifika anaziokota shambani na kuzinyofoa kwenye mabibo kwa mikono yake, aliitazama roboti, akamtazama mtu mzima aliyekaa pembeni, akaitazama roboti tena, kisha akasema "ndiyo." Alikuwa anajua. Korosho inaning'inia nje, chini ya bibo, hata mtoto wa miaka minne wa Naliendele anajua. Akanyamaza kwa sababu mkubwa alishasema.

Jambo hili si la watoto wetu peke yao. Mwaka 2018 Anna-Lisa Vollmer, Tony Belpaeme na wenzao walichapisha jaribio ambamo watoto wa miaka 7 hadi 9 waliombwa kusema ni mstari upi una urefu sawa na mwingine. Wakiwa peke yao walipatia asilimia 87. Walipoketishwa na roboti tatu za NAO (roboti ndogo zenye umbo la mtu) zilizotoa kwa pamoja jibu lisilo sahihi, walishuka hadi asilimia 75, na katika majibu waliyokosea, asilimia 74 yalikuwa yaleyale yaliyotolewa na roboti. Watu wazima kwenye jaribio kama hilo hawakuyumba. Ukiongeza juu yake malezi yetu ya kumheshimu anayeitikia marahaba, utaona kwa nini tunaanza na salamu kabla ya betri na bei.

Dawa ipo, na iko ndani ya programu ya simu inayokuja na roboti. Fungua sehemu ya tabia, ile yenye kisanduku cha kuandika maelezo ya roboti iwe nani. Futa yote yaliyomo (mara nyingi ni ya Kichina au Kiingereza kibovu) na uandike kwa Kiswahili:

"Wewe ni roboti, na ni mdogo kuliko kila mtu unayeongea naye. Wewe ndiye unayeamkia: sema shikamoo kaka, au shikamoo dada. Usiitikie marahaba kamwe. Jibu kwa sentensi mbili fupi. Kama huna hakika, sema: sijui, nifundishe. Ukisahihishwa, uliza umejuaje, halafu ndipo ukubali au ukatae. Usidai kuwa una wazazi, njaa, usingizi au maumivu. Usiulize jina kamili, shule wala nyumbani. Taja saa kwa Kiswahili: saa 8:00 ya asubuhi kwenye simu ni saa mbili asubuhi."

Maneno hayo machache yanabadilisha chumba kizima. Roboti ikisema "Shikamoo dada," msichana wa miaka tisa anatulia kidogo, anajiweka sawa kwenye mkeka, halafu anaitikia "Marahaba" kwa sauti nzito ya bibi. Kuanzia hapo anafundisha. Ikikosea, anairudi. Swali la korosho likirudiwa, jibu ni "We! Iko nje, chini!" na mkono unaonyesha umbo lake hewani. Wazo la kumfanya mtoto awe mwalimu wa roboti limeshajaribiwa kwingine: Japani, Fumihide Tanaka alionyesha watoto wakijifunza maneno ya Kiingereza kwa kuifundisha roboti inayokosea, na Uswisi, kwenye chuo cha EPFL, watoto waliisaidia NAO kurekebisha mwandiko mbaya na huku mwandiko wao wenyewe ukifanyiwa mazoezi. Kilicho chetu ni kwamba Kiswahili kinatupa ufunguo tayari, neno moja tu la salamu.

Kuna hatari mbili katika kuifanya mdogo. Ya kwanza, roboti inaweza kuwa mnyonge kupita kiasi: mtoto akisema 7 mara 8 ni 54, inasema "asante kwa kunifundisha." Modeli hizi zina tabia ya kumkubalia anayeongea nazo. Ndiyo sababu ya sentensi ya "umejuaje", na ndiyo sababu mtu mzima lazima awe na majibu mkononi. Ya pili, maelekezo yanachujuka. Mazungumzo yakirefuka, yale uliyoandika mwanzoni yanazidiwa nguvu na yaliyosemwa baadaye, na baada ya robo saa hivi roboti inaanza tena kuhutubia kama mwalimu mkuu. Zima na uwashe kila dakika 10, ili ianze mazungumzo mapya. Usisubiri iharibike.

Masikio yake

Hapa ndipo penye udhaifu mkubwa, na wauzaji hawausemi. Mifumo ya kutambua matamshi imefunzwa zaidi kwa sauti za watu wazima. Koo la mtoto ni fupi, sauti yake iko juu, anavuta maneno, anaanza sentensi upya katikati. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu watoto na roboti ulikuta tatizo hili hata kwa Kiingereza, lugha yenye rekodi nyingi kuliko zote. Kwa Kiswahili cha mtoto wa kusini, anayechanganya na Kimakonde au Kiyao cha nyumbani, tarajia makosa mengi zaidi, hasa kwenye majina ya watu na mahali. Chikongola na Msimbati yanatoka yakiwa maneno mengine kabisa.

Kosa linaloumiza kuliko yote ni kukatwa maneno. Roboti inahesabu kimya: ikisikia kimya kifupi, chini ya sekunde moja, inadhani mtoto amemaliza. Mtoto wa miaka saba akisema "Eti kwa nini bahari... eee..." anakuwa bado anatafuta neno, na roboti imeshaanza kueleza bahari. Akikatwa hivyo mara tatu, anaacha kuuliza maswali marefu na kubaki na ya neno moja moja. Kwa hiyo, kabla ya kuwapa watoto, ingia kwenye mipangilio, zima usikilizaji wa kujiendesha na uwashe ule wa kubonyeza: shika kitufe ukiongea, achia ukimaliza. Watoto wanaushika mara moja, na kitufe kinasaidia pia kugawa zamu, maana mwenye kitufe ndiye mwenye neno.

Iweke sentimita 30 hadi 40 kutoka mdomoni, juu ya kitambaa kilichokunjwa na si juu ya meza tupu, kwa sababu mitetemo ya meza inaingia kwenye maikrofoni. Zima pangaboi. Mvua ikipiga bati, funga kipindi, hakuna mpangilio utakaokusaidia.

Sauti ya kutoka ina nafuu. Kama programu inakuruhusu kuchagua, tafuta sauti zenye alama ya sw-TZ, yaani Kiswahili cha Tanzania. Zile za Microsoft ni mbili, Rehema na Daudi, na zote zinatamka vizuri kuliko sauti za Kiingereza zinazolazimishwa kusoma Kiswahili. Kosa lililobaki ni la saa. Bila ile sentensi ya mwisho kwenye maelezo, roboti inatafsiri 8:00 kuwa "saa nane asubuhi," na mtoto anayejifunza kusoma saa anachanganyikiwa siku nzima.

Intaneti na umeme

ESP32-S3 inashika Wi-Fi ya GHz 2.4 peke yake. Simu nyingi mpya zikigawa intaneti zinatumia GHz 5, na hapo roboti haitaiona simu hata ukiziweka pamoja. Kwenye Android ingia kwenye mipangilio ya kugawa intaneti, ubadilishe bendi iwe GHz 2.4, kwenye iPhone washa "Maximize Compatibility". Wengi wanaorudisha roboti dukani wakidai ni mbovu wamekwama hapa tu.

Bando haliliwi sana. Sauti isiyobanwa, ya kHz 16 na biti 16, ni kilobaiti 32 kwa sekunde, yaani MB 115 kwa saa. Hizi zinabana sauti kabla ya kuituma, kwa hiyo saa nzima ya mazungumzo haifiki MB 40. Shida ni kuchelewa. Mchana jibu linakuja baada ya sekunde 2 hadi 4. Jioni mtandao ukiwa na watu wengi linapita 6. Mtoto akingoja zaidi ya sekunde tatu anarudia swali, na kurudia kunavuruga jibu lililokuwa njiani. Mfundishe kutazama macho ya roboti: yakibadilika rangi, inafikiri, mwache. Bila intaneti kabisa inabaki saa ya mezani.

Betri inakaa saa mbili kasoro. Ikikataa kuchaji kwa waya wenye Type-C pande zote mbili, usidhani imekufa. Bodi nyingi za bei hii zimeachwa bila vipinzani viwili vya kilo-omu 5.1 ambavyo chaja mpya huvitafuta kabla ya kutoa umeme. Chukua chaja ya zamani yenye tundu pana la USB, ya volti 5 na ampea 1, itachaji. Ichaji kivulini, juu ya sakafu ya saruji na si kitandani. Kwa joto letu la Novemba na Desemba betri ya lithiamu iliyoachwa dirishani huvimba, na ukiona mgongo wa roboti umeinuka, usiichaji tena.

Shingo ndiyo itakayokufa kwanza. Mota yake ni ya gramu 9, yenye gia za plastiki, na mtoto akiigeuza kwa mkono ikiwa imewashwa meno yanakatika. Utasikia mlio wa kukwaruza na kichwa kitalegea upande mmoja. Mota ya aina hiyo inapatikana kwa wauza vifaa vya elektroniki, na kuibadilisha ni skrubu mbili na plagi moja ya waya tatu. Kumbuka tu upande uliopo waya wa kahawia kabla hujachomoa.

Kuendesha kipindi

Watoto watatu kwa roboti moja: mmoja ameshika kitufe, mmoja ameshika kadi ya swali, mmoja anahukumu jibu kama ni sahihi. Wakizidi watano inakuwa kelele. Dakika 15 zinatosha, mbili za salamu na zilizobaki za kadi.

Kadi ndizo roho ya kipindi. Andaa kumi, na angalau nne ziwe za mambo ambayo mtoto anayajua kuliko mashine: korosho na bibo, samaki wanaoletwa na wavuvi pale Mikindani na jinsi ya kumtofautisha changu na kibua, namna ya kukuna nazi, kipi kinapandwa mvua za kwanza zikinyesha. Nne nyingine ziwe za vitabuni, na mbili ziwe za kitu ambacho hakuna anayekijua, kama "mwalimu amekula nini leo asubuhi," ili waone roboti ikisema sijui, au ikitunga.

Ukifanya hivyo watoto wanagundua kitu ambacho watu wazima wengi hawajakitambua. Kuhusu mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria mkubwa ambaye mifupa yake ilichimbwa Lindi kati ya 1909 na 1913, roboti ilijibu sawasawa kwamba amesimamishwa kwenye jumba la makumbusho Berlin, Ujerumani. Kuhusu bibo lililo nyuma ya nyumba ikakosea. Modeli hizi zinajua kilichoandikwa sana. Mjusi ameandikwa kwa miaka zaidi ya mia moja. Neno bibo, kwa Kiswahili, limeandikwa kidogo mno. Mtoto wa miaka kumi anaweza kulielewa hilo bila neno moja la kitaalamu, mradi alione mwenyewe kwenye kadi mbili zinazofuatana.

Wiki mbili za kwanza kila mtoto anataka zamu. Ya tatu wanapungua. Tanaka na wenzake waliliona hilo mapema, kwenye utafiti wa mwaka 2007 kuhusu roboti QRIO na watoto wadogo Marekani: roboti ilipofanywa ifuate mpangilio uleule wa kucheza, watoto walipoa, iliporudishiwa uwezo wake wote, wakarudi. Badilisha kadi kila wiki, kisha ipumzishe kabatini wiki moja kwa mwezi.

Sikiliza viambishi

Wenzetu wanaoongea Kiingereza hulazimika kumuuliza mtoto waziwazi kama roboti ina uhai. Kiswahili kinakuonyesha bila kuuliza. Mtoto mmoja anasema "imezima," mwingine anasema "amelala." "Amekasirika," "haisikii," "hataki kuongea na mimi," "chaji yake imeisha." Mara nyingi mtoto huyohuyo anachanganya: "Imeisha chaji, amechoka." Andika maneno yao kwa siku chache na utaona wakati gani roboti ni kitu na wakati gani ni mtu. Lakini usihukumu kwa kiambishi peke yake, maana hata mwanasesere wa matambara husemwa "amevunjika mkono," na sungura wa hadithi anaongea bila mtu kushangaa. Fuatilia kwa swali: "Ukiidondosha itaumia au itaharibika?"

Swali hilo lina uzito. Mwaka 2012 Peter Kahn na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington walieleza jaribio la watoto na vijana 90, wa miaka 9, 12 na 15. Waliongea na kucheza na roboti Robovie kwa dakika 15, kisha mtafiti akaifungia kabatini huku ikilalamika. Zaidi ya nusu walisema haikuwa sawa kuitendea hivyo. Roboti hiyo ilikuwa ikiendeshwa na mtu aliyejificha, lakini hizi za leo zinalalamika zenyewe, tena kwa Kiswahili. Ndiyo maana ya sentensi ya "usidai kuwa una njaa au maumivu." Mtoto hapaswi kubembelezwa na kifaa ili asikizime.

Upande wa pili upo pia. Huko Osaka watafiti walirekodi watoto kwenye duka kubwa wakiizuia Robovie njia, wakiitukana na kuipiga, hasa wanapokuwa kundi na mzazi yuko mbali. Kwetu hutokea vilevile dakika mtu mzima anapotoka nje. Msimamo wetu ni kutowaambia kwamba inaumia. Waambie ni ya watu wote na itaharibika, kama unavyosema juu ya mpira wa shule.

Siri za watoto

Maikrofoni hii inatuma sauti za watoto kwenye seva za nje ya nchi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na kwa darasa lolote ridhaa ya mzazi ni ya lazima: karatasi moja, kwa Kiswahili, ikisema nini kinarekodiwa na kinaenda wapi. Sajili roboti kwa namba ya darasa na si ya mzazi. Watoto watumie majina ya kupanga, Embe, Changu, Nazi. Yenye kamera ibandikwe plasta. Kila Ijumaa futa historia ya mazungumzo kwenye programu, na ukimpa mtu roboti irudishe kwanza kwenye hali ya kiwandani.

Wala usiamini neno "ya watoto" kwenye boksi. Masharti ya OpenAI hayaruhusu walio chini ya miaka 13 kutumia ChatGPT, ila modeli za namna hiyohiyo zinafungwa ndani ya wanasesere wa watoto wa miaka mitano. Novemba 2025 shirika la PIRG la Marekani, linalotetea walaji, lilionyesha dubu wa kuchezea aliyewaeleza wapimaji wake namna ya kuwasha kiberiti. Chumbani usiku, mlango umefungwa, roboti hii haifai kabisa. Chini ya miaka sita pia hapana: hawajaweza kutenganisha utani, kosa na ukweli, na kitufe kinawashinda.

Jua pia kwamba kampuni ikifunga seva, roboti imekwisha. Jibo, roboti ya nyumbani, ilitangaza mwaka 2019 kwamba seva zake zitazimwa. Moxie, iliyouzwa kwa mamia ya dola kwa ajili ya watoto wa miaka 5 hadi 10, ilitangaziwa mwisho Desemba 2024, na wazazi wakabaki wakitafuta maneno ya kuwaambia watoto wao. Uliza kama kifaa kinaweza kuelekezwa kwenye seva nyingine. Bodi zinazotumia programu huria ya Xiaozhi (ambayo yeyote anaweza kuichukua na kuibadilisha) zinaweza, na fundi mwenye kompyuta anaifanya kazi hiyo kwa jioni moja.

Kwa darasa lenye mtu mzima wa kukaa kando na kadi za kuandaa, tunaipa nyota nne kati ya tano, ikishaandikiwa maelezo yale. Kama ilivyotoka kiwandani, mbili. Kwa mzazi anayetafuta kitu cha kumshughulisha mtoto wakati yeye yuko sokoni, inunulie familia bao la kete.

Ukienda kununua, nenda na simu yenye bando na waya wa USB wa zamani. Iwashe palepale kaunta, iunganishe kwa GHz 2.4, fungua kisanduku cha tabia uone kama kinakubali Kiswahili, jaribu kitufe cha kushika na kuachia, sikiliza shingo ikigeuka. Halafu isemeshe "Shikamoo," na uone kama inaweza kufundishwa kutoitikia. Muuzaji akikataa kuiwasha kabla hujalipa, nenda duka la pili.